Nyumba Nane za Baba

Saa tisa alasiri mtaa wetu hulala. Kuku hujilaza chini ya magari yaliyoegeshwa, na hata fundi wa kuchomelea mageti huzima mashine yake akajinyoosha juu ya maboksi. Mimi pia ningelala kama si kazi, ingawa kazi yenyewe haiko mbali na usingizi. Nakaa sebuleni, feni juu ya kichwa, laptopu mezani, natazama vitone vikizaliwa kwenye kioo cha kompyuta, kitone kimoja baada ya kingine, mpaka macho yanalegea na sijui tena kama nimeviona au nimeviota.

Ninafundisha hisabati chuoni, na nikiwa nyumbani ninaandika algoriti, yaani hatua za kufuatwa na kompyuta, za kutafuta mizingo. Baba aliponiuliza mzingo ni kitu gani, nilikaa naye sakafuni, nikachukua vizibo vya soda. Sakafu yetu ina vigae vya mraba. Nikamwonyesha kigae cha katikati, nikamwambia hicho ndicho kitovu. Nikaweka kizibo kimoja vigae vitatu kuelekea mlangoni na viwili kuelekea dirishani.

"Sasa baba, tuseme tunaigeuza sakafu nzima robo mzunguko, kitovu kikibaki palepale. Kizibo kitaangukia wapi?"

Alitazama, akaweka kizibo cha pili, palepale panapotakiwa. Tukageuza tena, na tena. Kisha nikamwambia aitazame sakafu kama mtu anavyojitazama kwenye kioo, kushoto kukawa kulia, na vikaja vizibo vingine. Mwisho tukawa na vizibo vinane, vimekaa duara lenye pembe, na kila tulipogeuza au kupindua tuliangukia juu ya kizibo ambacho tayari kipo.

"Hivyo ndivyo mashine inavyofanya," nilimwambia. "Inachukua kitone kimoja, inakipitisha kwenye kila tendo. Ikipata kipya inakiweka kwenye foleni nyuma, kisubiri zamu yake. Foleni ikiisha na hakuna kipya, mzingo umefungika."

Baba alikuwa karani wa reli miaka yote ya ujana wake, na foleni anaijua. Alivikusanya vizibo taratibu kwenye kiganja.

"Kwa hiyo unalipwa kwa kuzungusha vizibo," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Basi wamekuonea huruma."

Ilikuwa siku njema. Siku njema zilikuwa bado nyingi wakati ule, na sikuwa na akili ya kuzihifadhi.

Ugonjwa wa kusahau uliingia nyumbani kwetu kwa adabu. Ulianza na majina, ukaja kwenye miaka. Marehemu mama akawa yuko sokoni Buguruni na atarudi sasa hivi, na mimi nikajifunza kujibu, "Ndiyo, foleni kubwa leo." Uso wangu alikuwa anao bado, mara nyingi. Kitu kimoja ugonjwa haukukigusa kabisa, nacho ni hesabu. Mwulize leo ni siku gani, atatabasamu kwa haya. Mwambie atembee njia panda tatu, atatembea tatu, hata mvua inyeshe.

Mtaa wetu uko pembezoni mwa Temeke, ukishaipita Mbagala, na una kitu ambacho Dar es Salaam haina kingi: barabara zilizonyooka. Wapimaji walitangulia kabla ya watu. Wakachora mistari kwenye mikorosho, wakasimika mawe, na sisi tulipokuja kujenga tulikuta kila kitu kimeshapangwa. Katikati kuna tangi kubwa la maji, na kutoka kwenye tangi barabara nne zinaondoka kwenda pande nne. Kila nyumba ukuta mweupe, geti jeusi, miba ya bogenvilia ikichungulia juu. Ukipita ukiwa na usingizi unaweza kudhani umesimama na mtaa ndio unaotembea.

Chini ya tangi kuna benchi, na kila alasiri muuza kahawa huweka jiko lake pale. Baba alikuwa akienda huko kila siku, kanzu ya jirani mmoja upande huu, shati la jirani mwingine upande ule, yeye katikati na kofia yake ya pama. Alirudi na habari zilizochanganyika vibaya: vifo vya watu walio hai, bei za sukari za zamani, harusi ambazo hazikuwahi kufungwa. Lakini alirudi akiwa mtu. Siku alizobaki ndani kwa sababu ya mvua, jioni alikuwa kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

Kurudi kutoka kwenye tangi ni rahisi. Njia panda ya tatu, kata kushoto, geti la pili. Baba aliijua kwa moyo, na kwa moyo ndivyo alivyopotea.

Mara ya kwanza alikutwa kwa mzee mmoja mwenye asili ya Kiarabu, ambaye familia yake ilikuwa na duka la vitambaa mjini vizazi na vizazi kabla hajaja huku kupumzika. Nilipofika, nimevaa kandambili za rangi mbili tofauti kwa haraka, nilimkuta baba kibarazani, kikombe mkononi, kashata mbele yake.

"Shikamoo, mzee. Samahani sana."

"Marahaba, bibie. Samahani ya nini? Baba yako kaingia, kavua viatu, kauliza chakula kiko wapi. Kwa kujiamini kule, nikafikiri labda mie ndiye niliyekosea nyumba."

Mara ya pili alikutwa kwenye pagale, nyumba iliyokwama usawa wa linta, amekaa juu ya tofali akimlalamikia mlinzi kwamba mafundi wamebomoa chumba chake. Mlinzi, mtu mpole kutoka Kigoma, alikuwa ameshamwahidi kwamba kesho kutapigwa plasta.

Usiku ule kaka yangu alipiga simu. Anaishi Mbezi Beach, upande wa pili kabisa wa jiji, na anampenda baba kwa namna ya watu walio mbali, yaani kwa hofu.

"Sista, mie silali. Akigongwa na bodaboda huko, ishu itakuwa kubwa. Nakuja na kufuli, geti lifungwe, ufunguo ukae nao wewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Ukuta tunao tayari," nikamjibu, "na juu una vipande vya chupa. Unataka nini kingine, handaki?"

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nilimkatia simu. Lakini nilipogeuka baba alikuwa amesimama mlangoni, na alikuwa amesikia yote, maana simu niliiweka spika.

"Mimi si kuku wa kufungiwa bandani," alisema polepole. "Mkifunga hilo geti, mniambie kabisa ni kosa gani nimefanya."

Nilimpeleka kitandani, nikamshushia chandarua, na nilikaa ukingoni mwa kitanda mpaka alipolala. Sikutaka afungiwe. Nilijua pia kwamba kaka hakuwa na kosa, na kujua huko kuliniudhi kuliko kama angekosea.

Alasiri iliyofuata nilikuwa mbele ya kompyuta, nusu macho nusu usingizi. Vitone vilikuwa vikijipanga kwenye kioo. Joto lilikuwa lile la kabla ya masika, feni inazungusha hewa ileile. Nadhani nilisinzia, maana niliuona mtaa wetu kutoka juu, mweupe, umenyooka, na tangi katikati, na baba akiwa kitone kidogo chenye kofia. Akatoka kwenye tangi, akahesabu tatu, akakata kushoto, akahesabu mbili. Halafu mtaa wote ukageuka robo mzunguko, bila kelele, pamoja na kuku na magari yake, na baba akaendelea kuhesabu vilevile bila kujua kwamba umegeuka.

Niliamka shingo ikiuma, nikaelewa. Baba hakuwa akitangatanga. Barabara nne za pale kwenye tangi zinafanana, na siku nyingine anachagua isiyo yetu. Baada ya hapo kila kitu anakifanya sawasawa. Nyumba ya mzee wa Kiarabu ni nyumba yetu ikiwa imezungushwa robo. Pagale ni nyumba yetu ikiwa imezungushwa nusu. Ilibaki robo tatu, na nilipotembea kwenda kuiangalia nilikuta nyumba ya mama mmoja fundi cherehani, geti jeusi la pili baada ya njia panda ya tatu, mkono wa kushoto. Nilisimama pale barabarani nikacheka peke yangu, na mama yule akachungulia kuona ni kichaa gani.

Kwa siku kadhaa nilijiona mjanja sana. Kisha baba akapotea tena, nikaenda nyumba hizo zote, na hakuwepo hata moja.

Sijawahi kuogopa namna ile. Niliona kila bodaboda iliyopita kama ndiyo iliyomgonga. Nilirudi kwenye tangi, nikasimama pale alipokuwa akisimama yeye, nikajaribu kusahau kila kitu ninachokijua. Wakati huo nilikuwa naandika makala ambayo ndani yake nilitumia mizunguko peke yake, maana vioo vilikuwa vikinisumbua kwenye hesabu. Vioo nilikuwa nimevitupa kwenye makala, na bila kufikiri nikawa nimevitupa na barabarani. Mtu anayesahau barabara anaweza pia kusahau mkono. Anahesabu tatu, anakata kulia badala ya kushoto, na nusu nyingine ya mzingo inafunguka.

Nilimkuta kwenye nyumba ya kwanza ya upande wa kioo, ameketi na familia iliyokuwa ikila. Walikuwa wamempa sahani bila kumwuliza ni nani. Baba mwenye nyumba aliniambia, "Tulidhani mgeni wa mama mkwe." Mama mkwe naye alidhani ni mgeni wa baba mwenye nyumba.

Basi zikawa nane. Nyumba yetu, na saba ambazo baba angeweza kuzifikia kwa uaminifu kabisa.

Nikampigia kaka. Nilimweleza vizibo, vigae, robo mzunguko, vioo. Alisikiliza kwa uvumilivu wa mtu anayesubiri zamu yake.

"Sijaelewa hata kimoja," akasema. "Ila nyie wasomi mna maneno. Haya, tufanye hivi. Siku ukimkosa mpaka adhana ya magharibi, mie nafunga. Hatubishani tena."

"Sawa," nikasema. Nilikubali kwa sababu sikuwa na namna ya kukataa.

Mwezi wa Ramadhani ukaingia, na hilo lilinisaidia. Sisi ni Wakristo wa kutoka bara, Bukoba, lakini ukiishi Temeke unajua kwamba mwezi ule sahani zinatembea. Nilipika ndizi za kwetu, ndizi na maharage, nikazibeba nyumba zote saba, baba akiwa nyuma yangu na kofia yake. Kila geti nilisema maneno yaleyale: huyu ni mzazi wangu, anasahau, akija kwenu naomba mumkaribishe na mnipigie simu. Aibu niliyoiogopa sikuiona popote. Mama fundi cherehani alisema wa kwake alikuwa hivyohivyo, akamshika baba mkono kwa muda mrefu.

Na sahani ya jirani hairudi tupu. Zikarudi na tambi, zikarudi na kaimati, zikarudi na muhogo wa nazi. Mlinzi wa pagale, ambaye hana jiko la maana, alirudisha yangu na papai bivu. Ilibidi nami nipike tena, maana sahani zao sasa ndizo zilikuwa kwangu. Sikukuu ikapita na sahani hazikusimama. Mpaka leo sina hakika ni zipi kabatini kwangu ambazo ni zangu kweli.

Yakaanza maisha ambayo nikiyakumbuka sasa nayaona kwenye mwanga wa alasiri tu, kana kwamba asubuhi hazikuwepo. Baba anatoka. Mimi na mashine yangu tunazungusha vitone. Baadaye simu inaita na sauti inasema, "Mzee yuko huku." Sikwenda mbio tena. Nilivaa viatu vinavyofanana. Wakati mwingine nilikaa nao kidogo. Mzee wa Kiarabu aliniambia siku moja, bila kucheka:

"Leo kaja na habari za treni, bibie. Kasema imechelewa. Basi tukakaa tukaingoja."

"Ikafika?"

"Bado. Lakini tumengoja vizuri."

Watu walimtania kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na kwenye nyumba moja kweli walimpa, akapalilia mchicha mpaka jua lilipopoa, akarudi nyumbani na udongo kwenye kucha na furaha usoni. Kaka alipokuja Jumapili alimkuta amenenepa. Hakusema kitu kuhusu kufuli, ila nililiona kwenye gari, kwenye pakiti yake, juu ya dashibodi.

Siku ninayotaka kuisimulia simu haikuita.

Nilisubiri mpaka kivuli cha ukuta kikafika kibarazani kwetu, nikatoka haraka, geti nikaliacha wazi. Muuza kahawa alisema mzee ameondoka zamani. Nikaanza. Kwa mzee wa Kiarabu hakuwepo, na mzee mwenyewe alisimama, akachukua fimbo yake, akasema ataangalia barabara ya nyuma. Pagale hakuwepo. Kwa mama fundi cherehani hakuwepo. Nikaenda upande wa kioo, geti kwa geti, na kila geti lilifunguka kabla sijagonga vizuri, na kila mtu alitikisa kichwa. Kwenye geti la saba pia hakuwepo. Kaka, aliyekuwa Buguruni kikazi, alipiga simu kunisalimia tu, na sauti yangu ikamwambia yote. "Nakuja," akasema.

Adhana ikaanza. Msikiti mmoja, kisha mwingine, zikipishana kidogo kama kawaida. Nilikaa chini barabarani, mwanamke mzima, msomi, nikalia kwa sauti. Niliwaza treni. Niliwaza kwamba amepanda basi la Mbezi Luis na sasa anatafuta, pale stendi ya mikoani, gari la kwenda kwao Bukoba, kwa mama yake aliyekufa zamani. Niliwaza kwamba nimemwua kwa ubishi wangu na vizibo vyangu.

Kuna kosa ambalo wanafunzi wangu hulifanya kila mwaka, na kila mwaka nawagombeza. Wanatoa orodha ya mzingo na wanasahau kukiweka kitone cha kuanzia. Wanafikiri kwa kuwa ndicho walichokianza nacho hakihesabiki. Nawaambia: kwenye kila kundi la matendo lipo tendo la kutofanya lolote. Halisogezi kitu, lakini lipo, na ukilisahau hesabu yako yote ni mbovu.

Nilisimama. Nilikuwa nimekwenda nyumba saba.

Geti letu lilikuwa wazi nilivyoliacha. Baba alikuwa kibarazani, kwenye ukingo wa kiti, si katikati kama anavyokaa. Viatu alikuwa amevivua na kuvipanga pembeni, kofia ameiweka magotini. Hivyo ndivyo anavyokaa akiwa kwa watu. Aliponiona aliinuka kidogo.

"Binti, samahani," akasema. "Nimeingia bila ruhusa, geti lilikuwa wazi. Nadhani nimepotea."

Nilisogea karibu naye.

"Lakini usihangaike wala usinipikie. Mwanangu atakuja kunichukua. Kila mara anakuja. Ana mahesabu yake yule, anajua nilipo."

Nimefikiria mara nyingi ningesema nini. Ningeweza kumwambia, baba, ni mimi, hapa ni kwako. Nilikuwa nimeshasema hivyo siku nyingine kwa mambo madogo, na nimeona jinsi anavyoogopa, macho yanavyokimbia huku na huku yakitafuta. Kwa hiyo nilimkaribisha. Nilimpa maji kwenye glasi ya wageni. Alikunywa, akashukuru, akasifu kiwanja chetu.

Kisha nikamwambia ngoja kidogo. Nikatoka nje ya geti, nikalivuta likafunga, nikasimama barabarani mpaka nikaweza kupumua. Nikagonga.

"Hodi."

"Karibu," sauti yake ikajibu kutoka ndani.

Niliingia. Uso wake ulifunguka wote.

"Umekawia leo, mama," akasema. Ananiita mama kwa kuwa nimebeba jina la mama yake.

"Nilichelewa njiani, baba. Twende."

Alivaa viatu. Aligeuka akaiaga nyumba, akainamisha kichwa kwa mwenyeji ambaye hakuwepo tena, na tukatoka tumeshikana mikono. Tulikwenda mpaka kwenye tangi. Mzee wa Kiarabu alikuwa pale na fimbo yake, akatuona, akaketi kwenye benchi kwa kishindo akimshukuru Mungu. Tukageuka. Baba akahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, akakata kushoto, na mbele ya geti la pili akasimama akaligusa kwa kiganja.

"Hapa," akasema. "Nyumbani."

Gari la kaka lilikuwa limefika. Alisimama mbele yetu, jasho linamtoka, kufuli mkononi, tayari limetolewa kwenye pakiti.

"Alikuwa nyumba gani?" akaniuliza.

"Hii."

"Hii ipi?"

"Hii yetu. Alifika salama. Alikaa kibarazani akanisubiri nije kumchukua."

Nilimwona akielewa, kidogo kidogo, na sikumwonea furaha ya kushinda. Mkono wenye kufuli ulishuka.

"Kaka," nikamwambia, "tukifunga hili geti, tutakuwa tumemfungia nyumba ya watu."

Baba alikuwa ameshamshika mkono, anamkaribisha ndani, anamwambia asisimame nje na giza linaingia.